Hatua Kumi na Mbili kwa Kumi na Tano

Mtaa mzima uliijua sheria moja: nguo ya Fundi haikosei. Ikikubana, umenenepa. Ikikupwaya, una mawazo, kaonane na ndugu zako. Kwa miaka ishirini na miwili Fundi alikaa nyuma ya cherehani yake kwenye kibaraza cha duka la madaftari, futikamba shingoni kama nishani ya vita, akitoa hukumu za namna hiyo, na hakuna mteja aliyewahi kukata rufaa.

Kwa hiyo mwaka ule nguo zilipoanza kubana kwa mpigo, mtaa ulipokea msiba huo kwa unyenyekevu. Mama mmoja aliacha sukari. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alianza kukimbia alfajiri, akaumia nyonga. Bibi harusi mmoja aliingia ukumbini akiwa ameshikilia pumzi, na alipoulizwa kama amekubali, aliitikia kwa kichwa tu kwa sababu kusema kungemgharimu zipu.

Ukweli ulikuwa kwa mtu mmoja, naye alikuwa ameufungia kifuani na kumeza ufunguo. Fundi alikuwa haoni tena namba za futikamba. Zilikuwa zimegeuka sisimizi, kisha moshi wa sisimizi. Alichofanya ni kumzungushia mteja futikamba kiunoni, kubana kwa kidole, na kusema kwa dharau ile ile ya siku zote:

"Soma mwenyewe hapo, tuone kama ada ya shule ilikwenda mahali pake."

Wateja walicheka, wakasoma. Sasa, mpe binadamu kiuno chake akisome mwenyewe kwa sauti mbele ya foleni. Hata mtu wa ibada anapunguza inchi mbili. Fundi alikata kitambaa kwa namba alizotajiwa, na mtaa ukanenepa.

Daktari wa macho hakumzungusha. Alimwambia ni presha ya macho, imekaa muda mrefu, imekula mishipa, na miwani ingemkuzia ukungu tu. Alimpa dawa ya matone, tone asubuhi, tone jioni.

"Kilichopotea hakirudi, mama. Hapa tunalinda kilichobaki."

"Kilichobaki kitakaa mpaka lini?"

"Ukiwa mwaminifu kwa dawa, miaka kadhaa. Lakini kazi ya sindano, nisikudanganye, tafuta nyingine mapema."

Fundi alirudi kibarazani, akashona kola tatu kwa kukariri, na huku mguu ukikanyaga pedeli kichwa kilikuwa kinatafuta kazi ambayo mtu anaweza kuifanya gizani. Alipata moja. Alikuwa ameishi chini ya wenye nyumba wanne, na aliwajua kama anavyojua mashono. Kazi ya mwenye nyumba ni kugonga mlango tarehe mosi, kukohoa, na kuulizia afya ya mpangaji kwa sauti inayoonyesha kwamba haijali. Kazi hiyo haitaki macho. Inataka kikohozi.

Basi hesabu yake ilikuwa nyepesi. Akiba yote, ile iliyokuwa benki na ile iliyokuwa ndani ya mto wa kulalia, ingenunua kiwanja. Cherehani ingeendelea kuleta matofali kidogo kidogo kabla macho hayajafunga duka. Mdogo wake, ambaye ni mwashi, angejenga vyumba sita, vitatu huku, vitatu kule, korido katikati. Kimoja angelala yeye. Vitano vingemlisha mpaka siku atakapobebwa. Hakuwa na mume, hakuwa na mtoto, na kwa mdogo wake hakutaka kuwa mzigo wa kushikwa mkono kwenda chooni. Vyumba vitano vya kupangisha ndivyo vingekuwa macho yake, na kwa jinsi alivyoyahofia yale ya usoni, hakumwambia mtu yeyote kwa nini ana haraka.

Dalali alikuja mwenyewe, tena kama mteja. Mtaani walimwita Hatua, kwa sababu upande ule wa mji, ambako mashamba yalikuwa yanakatwa viwanja, ardhi iliuzwa kwa hatua: muuzaji anataja idadi, mtu anatembea, vigingi vinapigwa. Na aliyetembea siku zote alikuwa yeye. Alikuwa mrefu, mtanashati, mwenye tabasamu la mtu anayekuuzia kitu ambacho bado hujajua unakihitaji. Aliweka vitambaa viwili mezani.

"Mama Fundi, nishonee suruali mbili. Hii ya kwanza ipanue. Nataka upepo uingie utoke bila kubisha hodi."

"Na hii?"

"Hii ibane. Kuanzia paja mpaka chini ya goti."

Alimpima. Mguu wa ndani, kutoka msambani mpaka kisiginoni, akajisomea mwenyewe, "thelathini na nne," tena bila kudanganya, maana wanaume hawajapata sababu ya kupunguza miguu. Kwenye goti Fundi akakunja kitambaa kwa kidole.

"Punguza tena," Hatua akasema.

"Baba, nikipunguza tena utatembea kama bata. Na kukaa je?"

"Si ya kukaa hiyo. Ya kazi."

Fundi akapunguza inchi mbili na nusu, akishangaa mitindo ya siku hizi, na wakati anapunguza akamwuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, kiwanja kidogo huko kinapatikanaje. Ndivyo alivyoingia katika uwekezaji.

Shamba lilikuwa la mzee mmoja mwenye miguu iliyovimba, ambaye hakutoka tena mlangoni kwake. Alikuwa anauza kipande kwa kipande ili anunue dawa, na Hatua alikuwa miguu yake. Siku ya kupimiwa, Fundi alikwenda na muuza mkaa na mke wa muuza mkaa kama mashahidi. Jua lilikuwa la saa nane, nyasi zimekauka, na kwa Fundi kila kitu kilichokuwa mbali zaidi ya mita tano kilikuwa maziwa yaliyomwagika.

Hatua aliitazama ile futikamba shingoni mwa Fundi. Kisha akafanya kitu cha ujasiri.

"Mama, wewe ndiye bingwa wa vipimo hapa. Futikamba unayo. Pima mwenyewe, mimi nikae kivulini."

Muuza mkaa na mkewe wakageuka kumwangalia. Fundi alihisi moyo ukimshuka mpaka kwenye kandambili. Kupima maana yake ni kuinama, kushika, na kusoma namba kwa sauti, mbele ya mke wa muuza mkaa, mwanamke ambaye habari ikimfikia asubuhi, saa nne inakuwa imeshafuliwa na kuanikwa.

"Hii ni ya viuno, baba," alisema, akacheka. "Shamba lina kiuno?"

Wote wakacheka. Hatua alicheka kuliko wote, kwa sababu alikuwa amebahatisha na bahati imemwitikia. Akaanza kutembea.

Fundi hakuona sana, ila alisikia. Alisikia mapaja yakisuguana, kitambaa kikilalamika kila mguu unapopita mwenzake, na kwa fahari ya kazi yake alitega sikio kwenye mshono. Haukuachia. Moja, mbili, tatu, mpaka kumi na mbili; kigingi. Moja mpaka kumi na tano, kigingi. Mshono mzuri kabisa, alijisemea. Hakujiuliza mshono ule mzuri unaifanyia nini miguu iliyo ndani yake. Tunaambiwa wasomi wakubwa nao hupotea hivyo hivyo.

Mkataba ulisema kiwanja cha hatua kumi na mbili kwa kumi na tano. Mzee alitia dole gumba mlangoni kwake, Fundi akaweka saini kwa mkono uliozoea kufuata mstari, na akiba ya miaka ishirini na miwili ikaondoka ndani ya mfuko wa rambo mweusi.

Mdogo wake waliyemwita Timazi alikuja Jumamosi na kamba, misumari na futi ya chuma. Jina hilo alilipata kwa sababu hakuweza kupita mbele ya ukuta wa mtu bila kufunga jicho moja na kusema, "Umelala huu." Harusini alikuwa anazikagua nguzo za turubai. Alipima upande mmoja, akarudia. Alipima wa pili, akarudia, akavua kofia.

"Dada, ulisema hatua ngapi?"

"Kumi na mbili kwa kumi na tano."

"Hatua ya mtu mzima ni futi tatu, ikipungua sana mbili na nusu. Hapa nilitegemea thelathini na sita kwa arobaini na tano. Nina ishirini na nne kwa thelathini."

"Maana yake?"

"Maana yake nyumba ya vyumba sita inataka ishirini na sita kwa thelathini na tatu, bila choo. Hapa vinaingia vitatu. Na choo kitakuwa kinasikiliza mazungumzo."

Vitatu. Kimoja cha kulala, viwili vya kupangisha. Fundi aliona vile vyumba vingine vitatu vikizimika kimoja kimoja, kama mtu anayepita koridoni akibonyeza swichi.

"Huyu dalali ni kibeti?" Timazi akauliza. "Miguu yake ina urefu gani?"

"Thelathini na nne mguu wa ndani," Fundi akajibu bila kufikiri, maana namba za miili ya watu zilikaa kichwani mwake kama majina ya ndugu.

Kisha akajisikia alichokisema.

"Thelathini na nne?" Timazi alisema. "Mimi ni mfupi, watu wananiona kwa kuinama, na hatua yangu haishuki futi mbili na nusu. Mtu wa thelathini na nne anapigaje hatua ya futi mbili?"

Fundi alikaa juu ya tofali.

"Suruali," alisema.

"Suruali gani?"

"Ya kazi. Niliishona mimi."

Alimweleza yote, kuhusu kitambaa kilichobanwa, inchi mbili na nusu za goti, na ile nyingine ya kupitisha upepo. Timazi alisikiliza, halafu akatazama mbali, kwenye kichuguu kikubwa kilichosimama peke yake ng'ambo ya kigingi cha mwisho. Katikati, kwenye ardhi isiyo na mwenyewe, kulikuwa na rundo la matofali.

"Ya nani yale?"

Muuza mkaa, ambaye alikuwa anapita na baiskeli, alijibu yeye: "Ya Hatua. Anasema anajijengea."

Basi mambo yakawa wazi kama shati lililogeuzwa nje ndani. Mzee alihesabiwa hatua zilezile kwa suruali pana, Fundi akahesabiwa kwa suruali ya kubana, na kilichobaki katikati kilikuwa cha Hatua.

"Lakini dada," Timazi akasema, "wewe hutembei bila futikamba. Kwa nini hukupima?"

"Siku hiyo niliisahau nyumbani," Fundi akasema, akainama kufunga kandambili isiyokuwa na cha kufungwa.

Kiongozi wa mtaa aliwaita Jumatano. Ofisi yake ilikuwa chumba chenye meza moja, benchi mbili na kalenda ya mwaka juzi ambayo hakuna aliyethubutu kuibandua kwa sababu nyuma yake kulikuwa na tundu. Kiongozi alikuwa mama wa heshima, mpana, na siku ile alikuwa amevaa gauni la kijani alilolipokea kwa Fundi wiki tatu kabla. Alikaa wima kama aliyepigwa plasta na alivuta pumzi kwa awamu. Mzee mwenye shamba aliletwa kwa toroli la matofali lililotandikwa blanketi, miguu yake ikawekwa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Muuza mkaa na mkewe walikaa kama mashahidi, na dirishani palikuwa na watu saba ambao kila mmoja alikuwa anapita tu.

Hatua alikuja na suruali ya kubana. Hakukaa.

"Mheshimiwa," alisema, "mkataba unasema hatua. Haukusema futi, haukusema mita. Hatua ni za mguu wa mtu, na mguu ni wangu. Kama Mungu amenipa hatua fupi, nimshitaki nani?"

"Asubuhi ulipokuja kunihesabia," mzee akasema kutoka kwenye ndoo yake, "uliniambia kumi na tano zinafika kichuguuni. Nilikuwa nakuona kutoka mlangoni. Uliruka kama swala."

"Mzee wangu, macho ya uzeeni hayo."

Neno macho lilipita chumbani na kumgusa Fundi begani.

"Tena mheshimiwa," Hatua akaendelea, na sasa aligeukia dirisha, kwa kuwa alijua jaji halisi anakaa wapi, "nilimwambia mama huyu mbele ya mashahidi hawa: futikamba unayo shingoni, pima mwenyewe. Alikataa. Alicheka. Bingwa wa vipimo wa mtaa huu alikataa kupima ardhi anayoilipia. Sasa nani kamdhulumu nani?"

"Ni kweli?" kiongozi akauliza.

"Ni kweli," mke wa muuza mkaa akasema upesi. "Tena alisema shamba halina kiuno."

Timazi aligeuka taratibu. "Dada. Uliniambia uliisahau nyumbani."

Kiongozi akavuta awamu moja ya pumzi.

"Fundi, kama ulipewa nafasi ya kupima ukaikataa kwa hiari yako, basi uliridhika na alichopima yeye, na mimi hapa sina la kufanya. Kama kuna sababu, iseme. Kwa nini hukupima?"

Ilikuwepo sababu moja tu, na Fundi aliijua bei yake. Akiisema, kesho hakuna atakayeleta kitambaa. Cherehani ndiyo ilikuwa inunue matofali. Asiposema, anabaki na cherehani na vyumba vitatu, na siku macho yatakapofunga atakuwa na wapangaji wawili na kikohozi. Alifikiria uongo mwingine. Alikuwa nao kadhaa, uliokatwa vizuri na kupigwa pasi. Lakini alimwona Timazi amekaa na kofia mapajani, au aliuona ule ukungu wenye umbo la Timazi, na ukungu ule ulikuwa unamsubiri.

"Sioni namba," alisema.

"Namba gani?"

"Za futikamba. Zote. Ni mwaka sasa. Daktari anasema ni presha ya macho na hairudi nyuma. Siku ile nisingeweza kusoma mbele ya watu, ndiyo maana nikacheka."

Pale dirishani mtu mmoja aliacha kupita.

"Sasa," kiongozi akauliza polepole, "wateja unawapimaje?"

"Wanajisomea wenyewe."

Mke wa muuza mkaa aliangalia sakafu. Pale nje mwalimu mkuu, aliyekuwa ameegemea fimbo kwa ajili ya nyonga, alisikika akisema "eeh" kwa sauti ya chini kabisa. Kiongozi wa mtaa aliliangalia gauni lake la kijani, akaliangalia kwa muda, na akakumbuka siku aliyosoma arobaini na mbili kwa sauti ya wazi na yenye kujiamini.

Fundi akasimama.

"Nimesema langu. Na la Hatua nalo nalijua, hilo halitaki macho. Anasema ndiyo hatua aliyozaliwa nayo. Mimi najua mguu wake wa ndani ni thelathini na nne, na suruali hiyo alinituma niibane inchi mbili na nusu gotini, na alipoulizwa akasema ni ya kazi. Apige hatua zake upya kwa mkataba huo huo. Ila naomba niifumue kwanza."

"Mheshimiwa," Hatua akasema, tabasamu limepungua kiuno, "suruali yangu, mbele za watu?"

"Chini ya paja tu," kiongozi akasema. "Hakuna atakayekufa. Au unapenda upige hatua ukiwa umeacha suruali hapa mezani?"

Fundi alipiga magoti. Alitoa wembe mfukoni, akafumba macho kabisa, kwa sababu yalikuwa yanamsumbua tu, akatafuta mshono kwa ncha za vidole. Aliupata kama mtu anavyopata swichi ya chumbani kwake. Ulikuwa mshono wake; alijua wapi alirudia, wapi uzi ulikatika akaunganisha. Aliufumua kuanzia juu kidogo ya goti mpaka kwenye pindo, mguu wa kulia, kisha wa kushoto, bila kugusa ngozi. Hatua alisimama kama kitoto kinachonyolewa.

Wakaenda shambani wote, mzee kwenye toroli. Hatua alijaribu kutembea kwa kuvuta miguu, lakini watu wa dirishani sasa walikuwa watu wa uwanjani, na kila alipofupisha walisema kwa pamoja, kwa upole wa kutisha, "Rudi." Hatua ya kumi na tano ilimfikisha kichuguuni. Timazi alipiga kigingi, na alikipiga mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Ardhi ikawa futi thelathini na sita kwa arobaini na tano.

Asubuhi iliyofuata wateja walianza kuja kuchukua vitambaa vyao. Walikuja kwa adabu, na hilo liliuma zaidi. Mmoja alisema sherehe imeahirishwa. Wa pili alisema mume amebadili mawazo kuhusu rangi. Mpaka saa sita zilikuwa zimeahirishwa sherehe saba, na rundo la vitambaa pembeni ya cherehani lilikuwa limeisha. Fundi alimkunjia kila mmoja kitambaa chake vizuri, akamwambia kila mmoja haina shida. Mwenye duka la madaftari alimletea kiti cha kuegemea, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka ishirini na miwili, na Fundi akakichukia kile kiti.

Timazi hakuja siku hiyo, wala ya pili, wala ya tatu. Siku ya nne alikuja, akasimama.

"Umewaambia watu wa dirishani kabla yangu."

"Nilijua ningekuwa mzigo kwako."

"Mzigo," Timazi alisema. "Mimi nabeba zege, dada." Alivaa kofia, akaivua. "Mwaka mzima ulikuwa unaniambia kola yangu imekaa vizuri. Ulikuwa huioni."

"Nilikuwa naigusa."

Timazi akapekua udongo kwa kidole cha mguu.

"Nina matofali ya chumba kimoja," alisema mwishowe. "Yalibaki kazi ya juzi. Chumba kimoja si vitano."

"Najua."

"Na sijui vingine vitatoka wapi."

"Hata mimi."

Walikwenda kiwanjani. Timazi alikuwa anatoa futi ya chuma alipomwona dada yake amepiga magoti pembeni ya kigingi, futikamba mkononi. Ncha zote mbili za futikamba zina kibati kidogo. Fundi aliweka kibati kimoja kwenye kigingi, akaivuta kamba ardhini kwa kiganja mpaka akahisi kibati cha pili, akaweka kidole hapo, akasogeza.

"Unafanya nini?"

"Inchi sitini. Futi tano. Mara mbili, chumba." Akasogeza tena. "Haikutaka kusomwa. Ilitaka kuhesabiwa tu. Siku ile ningepiga magoti, ningehesabu mara tano kasoro badala ya saba na kidogo, ningejua. Hata kipofu angejua. Niliona aibu kuinama."

Timazi alipiga msumari mahali kidole kilipokuwa.

Walikuwa kwenye kona ya tatu kiongozi wa mtaa alipofika, amevaa kanga mbili na heshima zake, gauni la kijani ndani ya mfuko. Alisalimia, akasifia udongo, akauliza hali ya mzee, akazungukazunguka kama mtu aliyekuja kuomba chumvi.

"Hili linaweza kuachiliwa kidogo?" akauliza, akiutikisa mfuko.

"Nililiachia kitambaa ndani. Nipe kiuno."

Fundi alisimama, akafuta mikono, akamzungushia futikamba palepale kati ya misumari. Akaishika penye kipimo, akaivua, akaikunja kwa vidole, nusu, kisha robo, akipima kwa kiungo cha kidole gumba, midomo ikitembea kimya. Ilichukua muda mrefu. Zamani ilikuwa kufumba na kufumbua. Kiongozi alisubiri bila kusaidia, na hakusoma.

"Arobaini na tano," Fundi akasema.

Kiongozi alitazama upande wa Timazi, ambaye ghafla alikuwa na kazi kubwa na kamba yake.

"Basi shona hiyo," akasema kwa sauti ndogo. "Ila namba usiitaje tena."

Aliacha mfuko juu ya matofali, akaenda zake. Lilikuwa gauni moja. Timazi alivuta kamba mpaka ikakaza, akafunga jicho moja, akasema upande wa kushoto umelala kidogo, na Fundi akapiga magoti tena kutafuta kona ya nne.